Kifua Kikuu na Ndugu Zetu Wasio na Makao

Ndugu msomaji, ukipita alfajiri kando ya soko la Kolwezi, au penye maegesho ya malori, au katika njia ya kwenda machimboni, utaona watu wakiamka. Wengine walilala chini ya turubai, wengine barazani pa duka, wengine ndani ya magunia. Utasikia pia kikohozi. Kuna kikohozi cha baridi na moshi, nacho kitapita. Kuna na kikohozi cha kifua kikuu, nacho hakipiti chenyewe. Kisipotibiwa chaweza kumwua mwenye nacho, na mbele ya kumwua huwapata wengine.

Watu wengi hufikiri kwamba njia ya kujikinga ni kuwafukuza watu hao. Katika somo hili tutaona kwamba kuwafukuza ndiko kunakoeneza ugonjwa, na kwamba njia ya kweli ni kuwatafuta, kuwatibu na kukaa nao mpaka dawa zimalizike.

1. KIFUA KIKUU NI NINI?

Kifua kikuu ni ugonjwa unaoletwa na kijidudu kidogo sana, kisichoonekana kwa macho. Daktari Robert Koch wa Ujerumani alitangaza habari za kijidudu hicho mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo sababu tarehe 24 Machi ni siku ya kifua kikuu duniani. Basi kifua kikuu si uchawi, wala si sumu, wala si laana ya ukoo.

Mara nyingi hushika mapafu. Dalili zake ni hizi:
- Kukohoa kwa muda wa majuma 2 au zaidi.
- Homa ndogo, hasa jioni.
- Kutoka jasho jingi usiku, hata wakati wa baridi.
- Kukonda na kukosa hamu ya chakula.
- Maumivu ya kifua, na pengine damu katika makohozi.

Mwenye dalili hizi asingoje mpaka damu itoke. Wengi wana kifua kikuu na hawajaona damu hata siku moja.

Usidhani huu ni ugonjwa wa zamani tu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2023 watu wapata milioni 10.8 waliugua kifua kikuu, na wapata milioni 1.25 walikufa kwacho. Nchi yetu ya Congo imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu.

2. KINAAMBUKIZAJE?

Kifua kikuu cha mapafu huenda kwa njia ya hewa. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, akiimba au akisema kwa nguvu, vijidudu hutoka pamoja na matone madogo sana ya mate. Mahali penye upepo na jua matone hayo hutawanyika, na mwanga wa jua huua vijidudu. Lakini mahali palipofungwa hukaa hewani muda mrefu, na wenye kulala humo huvivuta usiku kucha.

Kifua kikuu cha mapafu hakiambukizi kwa kusalimiana kwa mkono, wala kwa sahani ya bukari, wala kwa kikombe cha munkoyo, wala kwa nguo. Kwa hiyo usimtengee mgonjwa kikombe chake kama mtu mwenye haya. Mfungulie dirisha, hilo ndilo linalosaidia.

Mgonjwa asiyetibiwa aweza kuambukiza watu 5 hadi 15 katika mwaka mmoja, yaani wale wanaokaa karibu naye. Lakini si kila aliyevuta vijidudu huugua. Katika watu 10 walioambukizwa, yapata 9 hawaugui maisha yao yote. Vijidudu hulala mwilini kama moto chini ya majivu. Mwili ukidhoofika, moto huamka. Wanaodhoofishwa zaidi ni watoto wadogo, wenye virusi vya UKIMWI, wenye kisukari, wenye njaa, wanywaji wa lutuku, wavuta tumbako, na wale wanaovuta vumbi la mawe.

Sasa mtazame mtu asiye na makao hapa kwetu. Analala amebanana na wenzake, anakula mara moja kwa siku, anakunywa lutuku ili asisikie baridi, na mchana anavunja mawe. Mambo yote yanayoamsha moto anayo.

3. KWA NINI WATU HAWA HAWANA MAKAO?

Wengine husema, Ni wavivu, au ni wezi. Tukumbuke historia ya nchi yetu kabla ya kuhukumu.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Tangu miaka ya 1920 ilijenga makambi ambamo mfanyakazi alikaa pamoja na mke na watoto. Tusisifu kila jambo la siku zile, lakini mfanyakazi alikuwa na nyumba yenye namba, na hospitali ya kampuni ilijua pa kumtafuta. Mwaka 1967 serikali ilichukua machimbo, ikaja Gécamines. Katika miaka ya 1990 kazi ilianguka. Tena wazee wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa, zikalala siku nyingi kwenye stesheni za gari la moshi za Likasi na Kolwezi. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi. Wengi walishika sururu wakaanza kuchimba kwa mikono. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za Kasulo, na watu wengi zaidi wakaja.

Mchimbaji wa mikono hufuata madini. Leo yuko Kolwezi, mwezi ujao yuko upande wa Fungurume. Hana namba ya nyumba, wala mlango wa kubishwa. Pamoja naye wamo watoto wa barabarani. Baadhi yao walifukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi. Mtoto anayekohoa na kukonda ni mgonjwa. Mpeleke kwa muuguzi.

4. KOSA TULILOFANYA

Nitawaeleza jambo moja, ili mwone jinsi kazi hii inavyoweza kuharibika. Katika kituo kimoja nilikofanya kazi alikuja kijana mchimbaji. Alikuwa amekonda, anakohoa. Makohozi yake yalipimwa, vijidudu vikaonekana. Mimi ndiye niliyeandika kadi yake. Nilimwuliza, Unakaa avenyu gani, namba gani? Alinyamaza kidogo, kisha akanitajia avenyu na namba. Nikaandika, nikafurahi kwamba kadi imejaa.

Alimeza dawa majuma 5. Kikohozi kikapungua, uzito ukaongezeka. Kisha hakuja tena. Tulikwenda kwenye ile avenyu. Namba ile haikuwako. Tukaandika katika daftari, Amepotea.

Baada ya miezi 4 mama mmoja auzaye bukari alileta mtoto wake wa miaka 3, mwenye homa, amekonda sana. Tulipomwuliza ni nani nyumbani anayekohoa, alisema, Hakuna. Tukauliza tena, Ni nani anayelala karibu na mtoto? Akasema, Kulikuwa na kijana mchimbaji aliyelala chini ya kibanda changu wakati wa mvua. Alikuwa akimpakata mtoto jioni.

Alikuwa yule yule. Mama alijua jina analoitwa machimboni, alijua kundi lake, alijua na mahali alipokwenda. Kumbe kijana hakupotea. Sisi hatukuuliza kwa watu waliomjua. Mama alituma habari kwa dereva wa lori, na kijana akarudi baada ya siku 9. Nilimwuliza kwa nini alidanganya. Akasema, Mama, ulitaka namba. Niliogopa kwamba asiye na namba hapewi dawa.

Tulipima makohozi yake tena, tukaona kwamba dawa bado zina nguvu juu ya vijidudu vyake. Alianza upya akamaliza. Mtoto naye alitibiwa, akapona. Lakini mtoto yule hakupaswa kuugua. Tangu siku hiyo niliacha kuanza na swali la namba ya nyumba.

5. JINSI YA KUTAFUTA WALIOKAA NA MGONJWA

Tukipata mgonjwa mmoja, kazi yetu ni kujua alivuta hewa moja na nani. Kwa mwenye nyumba tunakwenda nyumbani kwake. Kwa asiye na nyumba tunafuata mahali na watu. Mwuguzi amwulize kwa upole, mahali pa faragha:

- Jana ulilala wapi? Na juzi?
- Ni nani aliyelala ubavuni mwako?
- Mvua ikinyesha unajificha wapi?
- Unachimba na kundi gani? Wenzako wanakuitaje?
- Unakula kwa mama gani? Unakunywa wapi?
- Unasali wapi?
- Nikikutafuta, nimwulize nani?

Asilazimishwe kutaja majina ya watu. Wengi hawajui majina ya kweli ya wenzao, lakini wanajua mahali. Andika mahali. Ukiona wagonjwa 2 au 3 wasiojuana, nao wote walikunywa au kulala chini ya turubai moja, umepata mlango wa ugonjwa. Huko ndiko kwa kwenda kwanza.

Nenda saa ambayo watu wako, yaani jioni au alfajiri. Usiende na askari. Ukienda na askari mara moja, watu watakimbia, na kila mmoja atakwenda na kikohozi chake kwenye mtaa mwingine. Nenda na mtu wanayemjua. Aliyeugua kifua kikuu akapona ndiye afaaye kuliko wote. Huko London, katika Uingereza, gari lenye mashine ya eksirei huenda mpaka mahali wanapokusanyika watu wasio na makao, na watu waliowahi kuishi maisha hayo husaidia kuwaita wenzao. Sisi gari kama lile hatuna, lakini watu kama wale tunao.

Usitaje jina la mgonjwa mbele ya wenzake. Sema tu, Tunapima kikohozi cha wote hapa.

Mwenye dalili atoe makohozi. Asimame nje kwenye upepo, mbali na wengine. Asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili, kisha akohoe kutoka ndani ya kifua. Mate matupu hayafai. Kopo lifungwe, liandikwe jina, lipelekwe upesi. Mahali penye mashine ya GeneXpert jibu hupatikana kwa muda wa saa 2 hivi, nayo huonyesha pia kama vijidudu vimezoea dawa ya rifampisini. Jibu likitoka, mpelekee mwenyewe pale alipo. Usingoje arudi, maana huenda siku hiyo anatafuta chakula.

Watoto walio chini ya miaka 5, na wenye virusi vya UKIMWI, waliokaa karibu na mgonjwa, waangaliwe kwanza. Wakionekana hawana ugonjwa, kuna dawa za kuwakinga ili ule moto wa chini ya majivu usiamke. Muuguzi ndiye atakayesema ni nani anayezihitaji.

6. DAWA NA YULE ANAYEKUMBUSHA

Zamani matibabu yalichukua mwaka mzima au zaidi. Miaka ya 1970 madaktari walifanya majaribio katika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakaonyesha kwamba miezi 6 inatosha ikiwa rifampisini imo. Mpaka leo matibabu ya kawaida kwa mtu mzima ni hivi: miezi 2 ya dawa 4, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na etambutoli, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Dawa hizi hutolewa bila malipo katika vituo vya Mpango wa Taifa wa kupigana na kifua kikuu. Mtu akikuuzia sokoni, usinunue.

Kwa kawaida, baada ya majuma machache ya dawa zinazofaa mgonjwa hapitishi tena ugonjwa kwa urahisi. Fikiri vema juu ya neno hili. Mtu anayemeza dawa yake karibu na mlango wako hakuletei hatari kama yule uliyemfukuza naye hajaanza dawa. Dawa yake inakulinda na wewe.

Lakini hapa pana mtego. Mgonjwa huona nafuu mbele ya vijidudu kwisha. Akiacha dawa, vile vilivyobaki huzidi, na vingine huzoea dawa. Hapo matibabu huwa magumu, na wale atakaowaambukiza hupata vijidudu vile vile vilivyozoea.

Tangu mwaka 1977 Daktari Karel Styblo alisaidia mpango wa kifua kikuu wa Tanzania kushika kawaida mbili: mgonjwa ameze dawa mbele ya mtu mwingine, na kila mgonjwa aandikwe daftarini mpaka ijulikane alimalizaje. Kawaida hizo zilienea katika nchi nyingi. Kwa asiye na makao, mtu wa kumkumbusha aweza kuwa mama anayemwuzia bukari, au mkubwa wa kundi lake, au shemasi anayekaa karibu na soko. Mgonjwa mwenyewe amchague. Dawa na chakula vikikutana mahali pamoja, mtu haachi upesi.

Mwambie mgonjwa mambo haya tangu siku ya kwanza:
- Mkojo utakuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa. Ni rangi ya dawa, si damu.
- Macho yakiwa ya manjano, au akitapika sana, au macho yakififia, aje upesi kwa muuguzi.
- Ganzi au moto katika miguu aseme. Kuna vitamini ya kumsaidia.
- Lutuku pamoja na dawa hizi huumiza ini.
- Akitaka kuhamia machimbo mengine, aje kwanza. Hatutamkataza. Tutampa karatasi ya kuendelea na dawa huko aendako.

7. KUZUIA PALE PALE WANAPOLALA

Kama hatuwezi kumpa kila mtu nyumba leo, tunaweza kuwafundisha kulala vizuri zaidi. Turubai liachwe wazi pande mbili, upepo upite. Katika baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 watu hufunga kila tundu na kubanana. Basi msaada mkubwa wakati huo ni blanketi, ili wasiogope upepo. Mwenye kikohozi alale upande upepo unakotokea kwenda nje, mbali na watoto. Akohoe ndani ya kitambaa au kiwiko. Makohozi ayateme katika kopo lenye kifuniko, kisha yachomwe au yatupwe chooni. Mawe yaloweshwe kwa maji mbele ya kupondwa, ili vumbi lipungue. Na kila mtoto mchanga apelekwe kupata chanjo ya BCG, maana humkinga na kifua kikuu kibaya cha utotoni.

8. KAZI YA KANISA

Wasio na makao huja kwenye mikesha yetu, maana kuna taa na wimbo na mahali pakavu. Wengine hulala kwenye mabenchi ya nyuma. Nimesikia wazee wakisema, Wafungieni mlango, watatuletea ugonjwa. Ndugu wapendwa, fungueni madirisha wala msifunge mlango. Wakati wa mkesha madirisha yote yawe wazi, na mwenye kikohozi cha majuma 2 aulizwe habari zake kwa upole, akaonyeshwe kituo cha afya. Awe mgeni au awe mzee wa kanisa, ni mamoja.

Kumbukeni yule Msamaria. Hakufunga jeraha tu akaenda zake. Alimpeleka mtu nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Kifua kikuu kinataka kurudi kwa miezi 6. Kufunga jeraha siku moja wengi wanaweza; kurudi ndiko tunakopungukiwa.

MASWALI YA KUFUNDISHIA

1. Taja dalili 4 za kifua kikuu.
2. Kwa nini kikombe si cha kuogopwa, lakini chumba kisicho na dirisha ni cha kuogopwa?
3. Muuguzi afanye nini mgonjwa asipokuwa na namba ya nyumba?
4. Mtu aliyepata nafuu akiacha dawa, ni nani watakaopata hasara?
5. Katika mtaa wako ni nani anayelala nje? Unajua jina analoitwa? Umesikia akikohoa?

Swali la 5 usilijibu kwa midomo tu. Kesho asubuhi nenda ukamsalimu.